Rangi ngumu ya gari isimpe fundi pumu

Na DAKTARI WETU

RANGI ya gari katika pwani ya kusini ina maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya bahari, ambayo hubeba chumvi usiku na mchana na kutia kutu bati lolote lililo wazi. Wa pili ni mawe. Ukiacha lami ya barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga na kuingia njia za ndani za Kinondo, Galu au Gazi, magurudumu hurusha vijiwe vinavyoigonga bodi na kuibandua rangi vipande vidogo vidogo. Pale rangi ilipobanduka, chumvi huingia, na haichukui muda mrefu kabla ya kutu kuanza kula bati.

Ndiyo maana wenye matatu, teksi na magari ya kubebea watalii huku Kwale hawamwombi fundi rangi nzuri tu. Humwomba rangi ngumu, isiyobambuka. Fundi naye anajua la kufanya. Huchanganya rangi na hadina, akapulizia, na kesho yake gari hung'aa kama jipya.

Makala haya hayakusudii kumfundisha fundi kazi yake. Yanahusu kifua chake. Ile hadina inayoipa rangi ugumu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumpa pumu, na pumu hiyo ikishakomaa huenda isimwachie tena maishani. Habari njema ni kwamba inaweza kuzuiwa, na mwenye gari pia ana sehemu yake katika kuizuia.

NI NINI KILICHOMO NDANI YA RANGI?

Rangi ya gari si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu kadhaa, na kila kimoja kina kazi yake.

Kwanza kuna unga unaotoa rangi yenyewe. Ule mweupe hutokana na madini ya titani. Watu wa Kwale wana uhusiano nao bila ya wengi kujua, kwa sababu ilmenaiti na rutaili zilizochimbwa na kampuni ya Base Titanium tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024, na kupakiwa melini kule Likoni, ni malighafi ya kutengenezea unga huo.

Pili kuna gundi, ambayo hushikanisha unga na kuunata kwenye bati. Tatu kuna thina ya kuilainisha rangi ili ipite kwenye bunduki ya kupulizia. Nne kuna viongezi vinavyotiwa kidogo kidogo: cha kuzuia jua lisiichujue rangi, cha kuifanya ilale sawa bila ya kutona, na cha kuifanya inyumbuke kidogo inapogongwa na jiwe.

Tano ni hadina. Hii ndiyo tunayoizungumzia zaidi leo.

HADINA HUFANYAJE KAZI?

Rangi za kale hukauka kwa sababu thina yake imepaa hewani. Ukizipangusa kwa thina siku nyingine, huyeyuka tena. Rangi ambayo mafundi huiita 2K ni tofauti. Ni rangi ya mikebe miwili, mmoja wa rangi au vanishi na mwingine wa hadina. Vikikutana, hushikana kama nyuzi za wavu, na wavu huo ukishafungika hauyeyuki tena kwa thina wala petroli. Ndio unaostahimili vijiwe, jua na chumvi.

Hadina nyingi za rangi hii zina kemikali za jamii iitwayo isosayaneti. Kwenye mkebe neno hilo huandikwa "isocyanate", na mara nyingi utaona karibu yake herufi HDI. Ilikuwa mwaka 1937 mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake walipogundua namna ya kuziunganisha kemikali hizi na kupata poliyurethani. Leo poliyurethani imo katika magodoro ya sponji, soli za viatu, vanishi za mbao na rangi za magari.

Isosayaneti ina tabia moja ambayo msomaji akiikumbuka ataelewa mengine yote: haitulii mpaka ishike kitu. Ndani ya rangi hushika gundi, na hilo ndilo tunalolitaka. Lakini fundi akiivuta kwa pua au mdomo kabla haijashika gundi, huingia kifuani na kushika protini zilizo kwenye utando wa njia za hewa. Mwili huziona protini hizo zilizobadilika kama adui mgeni, ukaanza kujiandaa kupigana naye.

Hapo ndipo pumu inapozaliwa.

Nisisitize jambo moja ili nisiwatie watu hofu bure. Rangi ikishakauka kabisa, isosayaneti yake imekwisha kushikana na haina madhara kwa dereva, abiria wala mtoto anayeugusa mlango wa gari. Hatari ipo wakati wa kuchanganya, wakati wa kupulizia na muda unaofuata, na wakati wa kuosha bunduki. Hatari hurudi pia rangi hiyo inapopigwa msasa kabla haijakomaa, au inapounguzwa kwa moto wa kulehemu.

TANGU LINI HAYA YANAJULIKANA?

Si jambo jipya. Mwaka 1951 madaktari wawili Wafaransa, Fuchs na Valade, waliandika kuhusu wafanyakazi waliopata matatizo ya kupumua baada ya kutumia isosayaneti kazini. Tangu wakati huo nchi nyingi zenye viwanda zimeiweka kemikali hii miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi.

Nchini Uingereza, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, HSE, imeeleza kwamba hatari ya mpulizaji rangi ya magari kupata pumu ni mara 80 hivi zaidi ya wafanyakazi wa nchi hiyo kwa jumla. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 24, 2023, mtu haruhusiwi kutumia kazini bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali za aina hii kabla ya kupewa mafunzo maalumu ya usalama.

Wasomaji wenye umri watakumbuka mkasa wa Bhopal, India, Desemba 1984, gesi ilipovuja kiwandani usiku na kuua maelfu ya watu. Gesi ile ilikuwa ya ukoo huu huu wa isosayaneti. Hata hivyo, ya Bhopal ilikuwa nyepesi sana na hupaa upesi, ilhali ya hadina ya gari ni nzito na hupaa kidogo mno ikiwa imetulia ndani ya mkebe. Kinachoigeuza kuwa hatari ni kompresa na bunduki, ambazo huivunja kuwa ukungu mwepesi unaoelea hewani na kufika ndani ya mapafu.

DALILI ZAKE NI ZIPI?

Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Fundi anaweza kupulizia rangi miezi kadhaa, au hata miaka kadhaa, bila ya kuhisi lolote. Wakati huo wote mwili unajifunza kumtambua adui. Siku ukishamtambua, hata chembe kidogo hutosha kuleta shida. Hali hii ni mzio, au aleji kama wengi wasemavyo. Si mafundi wote wanaoipata, lakini hakuna kipimo cha kumwambia kijana anayeanza kazi kama yeye atakuwa miongoni mwa watakaoipata.

Tuseme kuna fundi wa miaka 32 aliye na gereji ndogo. Amepulizia rangi kwa miaka sita bila ya kuumwa. Sasa ameanza kukohoa usiku. Mchana anafanya kazi vizuri, lakini ikifika saa mbili au saa tatu za usiku kifua kinabana na kupiga mluzi, na saa tisa anaamka kutafuta pumzi. Akienda kwao kwa arusi ya siku nne, anapona. Akirudi kazini, siku ya pili kikohozi kimerudi.

Mfano huu una dalili zote ambazo msomaji anapaswa kuzijua:

Kikohozi kikavu, kifua kubana, pumzi kuwa fupi na mlio kama wa filimbi wakati wa kupumua.

Macho kuwasha na mafua yasiyokwisha, ambayo mara nyingi hutangulia pumu yenyewe.

Dalili kuchelewa. Kwa watu wengi huanza saa nne hadi nane baada ya kupulizia rangi. Hii ndiyo sababu fundi haunganishi kikohozi cha usiku na kazi aliyoifanya mchana.

Dalili kupungua siku za mapumziko na kurudi kazi inapoanza tena. Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote.

Ugonjwa ukikaa muda mrefu, tofauti kati ya siku za kazi na za mapumziko hupungua. Fundi hukohoa kila siku, awe kazini au nyumbani. Hapo mambo yamekwisha kuharibika.

KWA NINI HUKOSEWA?

Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi ni sharti apimwe kifua kikuu, na hilo lisipuuzwe hata siku moja. Tatizo ni kwamba makohozi yakionekana safi na picha ya eksirei ikiwa safi, mgonjwa huambiwa hana kitu. Msomaji afahamu kuwa eksirei ya mtu mwenye pumu mara nyingi huonekana kama ya mtu mzima asiye na ugonjwa. Picha safi haimaanishi kifua kizima.

Wengine husingizia baridi ya kusi, vumbi la njiani au maji ya friji. Wengine hununua antibaotiki dukani mara tatu kwa mwaka, kila mara wakidhani wana nimonia, ilhali antibaotiki haitibu pumu.

Kwa hiyo ukienda hospitalini kwa sababu ya kikohozi, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari wazi: "Mimi hupulizia rangi za magari, natumia hadina." Ikiwezekana, mwoneshe maandishi ya kwenye mkebe. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa mgonjwa kutokana na miaka ya kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Kipimo kinachosaidia sana si cha bei kubwa. Ni kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Fundi hukipuliza angaa mara nne kwa siku, kwa wiki mbili hadi tatu, siku za kazi na za mapumziko, na kuandika kila namba. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, daktari ana ushahidi mkononi. Vituo visivyo na kifaa hicho vinaweza kumwelekeza mgonjwa kwenye hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi kuuondoa ugonjwa huu katika hesabu.

TIBA NI IPI?

Tiba ya pumu hii ni kama ya pumu nyingine. Kuna dawa ya kuvuta ya kupunguza uvimbe katika njia za hewa, ambayo hutumiwa kila siku hata mgonjwa anapojisikia vizuri, na kuna dawa ya kupanua njia za hewa. Kosa la kawaida ni mgonjwa kutegemea ile ya kupanua peke yake kwa sababu humpa nafuu ya haraka. Huo ni sawa na kufunika kutu kwa fila na kuipaka rangi juu. Uvimbe huendelea chini yake.

Lakini lazima nisema kweli. Dawa haiwezi kushindana na hadina ikiwa fundi anaendelea kuivuta. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa isosayaneti anapaswa kuachana nayo kabisa. Kupunguza hakutoshi, na kumwachia mwenzake apulizie huku yeye amesimama kando hakutoshi pia. Anayeondolewa mapema, dalili zikiwa changa, ana nafasi nzuri ya kupata nafuu kubwa. Anayeng'ang'ania kwa miaka, pumu hubaki naye hata akiacha kazi, na shambulio kali linaweza kumuua.

Najua maana ya maneno haya kwa mtu anayelisha familia kwa bunduki ya rangi. Kwa hiyo nashauri kitu ambacho mafundi wengine wanaweza kukifanya: kubadilisha kazi bila ya kuacha gereji. Kunyoosha bodi, kufunga vioo, umeme wa gari au ushoni wa viti ni kazi za gereji hiyo hiyo. Sharti ni kwamba upuliziaji ufanywe mahali pengine kabisa, ukungu wake usimfikie.

HATARI NYINGINE ZA GEREJI

Isosayaneti si kitu pekee cha kuogopwa. Thina ina toluini na zailini, ambazo huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na zikivutwa kwa miaka mingi hudhoofisha kumbukumbu. Hadina za praima ya epoksi nyingi ni za kundi jingine, la amini, nazo huwasha ngozi na kuifanya ipasuke mikononi.

Rangi kuukuu za manjano, chungwa na nyekundu zilitengenezwa kwa miaka mingi kwa unga wenye risasi. Gari la zamani likipigwa msasa mkavu, vumbi hilo hupeperuka. Risasi huathiri ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima, na mara nyingi mtoto wa fundi huipata kutoka kwenye nguo za baba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ni kweli tupu. Tumia msasa wa maji, vua nguo za kazi gerejini, na zisifuliwe pamoja na za watoto.

MAMBO YANAYOSEMWA AMBAYO SI KWELI

Maziwa husafisha kifua. Mafundi wengi hunywa pakiti ya maziwa baada ya kupulizia. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Hadina iko kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani.

Kitambaa au barakoa ya kawaida hutosha. Haitoshi. Kitambaa, hata kikiloweshwa, na zile barakoa za karatasi tulizozizoea wakati wa korona, hazizuii ukungu wa isosayaneti.

Kama sinusi harufu, hewa ni safi. Hili ndilo la hatari zaidi. Harufu kali ya gerejini ni ya thina. Isosayaneti huweza kuwa nyingi kupita kiwango cha usalama na pua isihisi kitu.

Nafanyia nje, upepo unaichukua. Kufanyia mahali wazi ni afadhali kuliko chumbani, lakini uso wa fundi uko karibu na bunduki, na upepo unaoichukua humpelekea muuza chai wa jirani.

Mimi ni mzoefu, mwili umezoea. Mwili hauizoei isosayaneti. Kinyume chake, kila mwaka unaopita huweza kuwa ndio wa kuanza kuikataa.

JINSI YA KUJIKINGA

Kinga iliyo bora kwa mpulizaji wa 2K ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pasipo na ukungu. Zipo za kofia zinazofunika uso wote, nazo zinamfaa hata mwenye ndevu. Lakini onyo: usiunganishe mpira wowote na kompresa yoyote kisha ukaweka mdomoni. Hewa ya kompresa ya kawaida huwa na mafuta, na ile ya injini ya petroli inaweza kuvuta moshi wa kaboni monoksaidi na kumuua mtu. Lazima pawe na vichujio maalumu vya hewa ya kupumua.

Asiyeweza kuipata kwa sasa atumie angaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya makaa pamoja na vya chembechembe, iliyoshika uso vizuri, na vichujio vibadilishwe mara kwa mara. Hii haishiki uso wenye ndevu. Nayo ni hatua ya muda tu, kwa kuwa kichujio kikichoka fundi hana pua ya kumjulisha.

Mengine hayahitaji fedha nyingi:

Tenga mahali pa kupulizia, mbali na jikoni, chumba cha kulala na kibanda cha chakula. Wanagenzi na wateja wakae mbali.

Usiivue barakoa mara bunduki inapozimwa. Ukungu usioonekana hubaki hewani. Katika chumba kisicho na feni ya kutolea hewa huweza kukaa dakika 20 na zaidi. Mafundi wengi huivua ili wakague kazi, na hapo ndipo huivuta.

Vaa glavu za naitraili na nguo za mikono mirefu. Hadina ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza pia kuuamsha mwili. Usioshe mikono kwa thina; tumia sabuni na maji.

Jihadharini hasa wakati wa masika. Kuanzia Aprili, kusi inapoleta mvua, mafundi hufunga milango ili rangi isiharibiwe na unyevu. Wakati huo kazi ile ile iliyofanyiwa hewani wakati wa kaskazi hufanyiwa ndani, na fundi huvuta mara nyingi zaidi. Kama hakuna feni ya kutoa hewa nje na barakoa ya kufaa, ni heri mteja asubiri siku ya jua.

Usifunge kwa nguvu mkebe wa hadina ulioingia maji. Hutoa gesi, na mkebe unaweza kupasuka. Wala mikebe hiyo isigeuzwe ndoo za maji ya nyumbani.

WEWE MWENYE GARI UFANYE NINI?

Wateja wengi wanadhani hadina ikizidishwa, rangi itazidi kuwa imara. Si hivyo. Kila mtengenezaji ameandika kwenye mkebe kipimo chake, kwa mfano sehemu mbili za vanishi kwa moja ya hadina. Hadina ikizidi kipimo, ile ya ziada hukosa gundi ya kushika. Rangi huwa kavu kupita kiasi, ikakosa kunyumbuka, na jiwe likiigonga hupasuka kama gamba la yai. Mteja amelipia zaidi, fundi amevuta zaidi, na rangi imebambuka upesi zaidi.

Rangi isiyobambuka hutengenezwa kabla ya rangi yenyewe kupulizwa. Kutu yote iondolewe mpaka bati jeupe lionekane. Bati lioshwe kwa maji matamu kuondoa chumvi, likauke, lipanguswe mafuta. Praima ya epoksi ipakwe. Kipimo cha hadina kifuatwe, na aina yake iwe ile ya polepole inayofaa joto la pwani. Sehemu za chini zinazopigwa na mawe, yaani makalio ya milango na nyuma ya magurudumu, zipakwe ile rangi nzito ya mpira ambayo haipasuki. Kisha gari lipewe muda wa kukauka. Kufuata hatua hizi kutaipa rangi yako maisha marefu kuliko kumshinikiza fundi aongeze hadina.

Pia, muulize fundi wako swali moja kabla ya kukubaliana bei: "Una barakoa gani?" Kama bei yako ni ya chini kiasi kwamba haimwachii hata ya kununulia vichujio, basi sehemu ya gharama ya gari lako inalipwa na mapafu yake.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka huo huo haihusu mikono iliyokatika tu. Inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi. Fundi aliyeajiriwa akiambiwa na daktari kwamba pumu yake inatokana na kazi, aombe maandishi na kuyahifadhi. Aliyejiajiri hana wa kumdai, na kwa hiyo kinga yake iko mikononi mwake.

DHARURA

Mgonjwa wa pumu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ambaye midomo imebadilika rangi, ni wa kukimbizwa hospitalini mara moja. Mkalishe wima, usimlaze, na aendelee kuvuta dawa yake ya kupanua njia za hewa mkiwa njiani. Aliyerukiwa na hadina machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha amwone daktari. Mtoto aliyekunywa thina iliyowekwa ndani ya chupa ya soda asitapishwe wala asipewe maziwa au mafuta. Apelekwe hospitalini pamoja na chupa hiyo.

Fundi anayesoma haya na kukumbuka kwamba amekuwa akikohoa usiku tangu mwezi uliopita asingoje mwezi mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari likibambuka hupakwa rangi upya, lakini mapafu hayana gereji.